Watu tisa, mahojiano 140: tulivyochagua programu ya uchanganuzi

Swali lilikuwa fupi: "Tununue programu gani?" Tulikuwa watu tisa mezani, mahojiano 140 na wagonjwa wa muda mrefu yakiwa yameshapangwa, na aliyeuliza alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika jina moja akaombee fedha. Sikumpa jina siku ile. Nilimwomba wiki tatu. Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na watu wengi wanaoanza miradi mikubwa ya mahojiano, na karibu wote naona wanaanzia pale nilipowahi kuanzia mimi: wanalinganisha programu kwa wingi wa mambo ambayo kila moja inaweza kufanya. Kwa timu kubwa, mimi naamini swali la kwanza ni jingine kabisa. Kazi ya watu tisa itakuwaje kazi moja?

Angalia ukubwa wa mzigo wenyewe. Saa moja ya mahojiano, ikinukuliwa neno kwa neno, hutoa maneno kama 7,000 hadi 9,000. Kunukuu huchukua saa nne hadi sita kwa kila saa ya sauti, na zaidi ya hapo kama sauti ni mbovu. Zidisha kwa 140 upate maneno milioni moja hivi au zaidi. Hakuna kati yetu ambaye angeyasoma yote kwa makini mara mbili. Mtafiti wa peke yake huubeba mradi kichwani, na programu humkumbusha tu alichokwisha kukiona. Timu haina kichwa kimoja. Yale ambayo mimi sijayasoma nitayajua kupitia misimbo, yaani lebo za mada alizobandika mwenzangu kwenye vifungu vya maandishi, na dokezo aliloliacha pembeni, basi. Vikiharibika hivyo viwili, sehemu ya mradi kwangu imefutika.

Najua inavyofutika kwa sababu nilishaiona. Miaka kadhaa kabla ya mradi huu tulikuwa timu ya watu watano. Kila mmoja alichukua nakala ya mradi kwenye kompyuta yake, akasoma mahojiano aliyopangiwa, akabandika misimbo, na mwisho wa mwezi tukakusanya nakala zote tuziunganishe. Programu ilikuwa na kitufe cha kuunganisha, nasi tuliona kitufe kikiwepo kazi imekwisha. Tulipokibonyeza, mahojiano namba 17 yalitokea mara mbili. Namba 23 yalitokea mara tatu. Tulikaa mchana kutwa tukitafuta chanzo, mpaka mwenzetu mmoja akakumbuka kwamba alisahihisha neno moja. Mnukuzi aliandika "alifka", naye akaongeza i.

Herufi moja tu. Lakini kwa programu hayo hayakuwa tena maandishi yaleyale, na haikosei. Msimbo haukai kwenye maana. Unakaa kwenye nafasi za herufi, tuseme kuanzia herufi ya 4,112 hadi ya 4,390. Ikiongezwa herufi moja juu, kila kitu chini yake husogea. Kwa hiyo iliacha nakala mbili zilale pembeni mwa nyingine, moja na misimbo ya huyu, nyingine na misimbo ya yule. Kwenye orodha ya misimbo mambo yalikuwa yaleyale: "uaminifu", "kuaminiana" na "imani kwa daktari", watu watatu wameita kitu kilekile majina matatu, na programu ikayatunza yote matatu kwa uaminifu mkubwa. Wiki mbili za kazi zilikwenda katika kusafisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulikuwa na mali nyingi tu.

Ukijua programu hizi zilizaliwaje, hutashangaa sana. NVivo inatokana na NUD*IST, ambayo Tom Richards alianza kuitengeneza Australia mwaka 1981 ili kumsaidia mkewe Lyn, mwanasosholojia aliyekuwa na lundo la data za kimaelezo. MAXQDA ilianza mwaka 1989 ikiitwa MAX tu, kwa heshima ya mwanasosholojia Max Weber, kazi ya Udo Kuckartz huko Ujerumani. ATLAS.ti ilitokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin katika miaka hiyohiyo, ikatoka kama bidhaa mwaka 1993. Kabla ya hapo watafiti walikata karatasi kwa mkasi na kuzipanga kwenye bahasha. Programu zilichukua ile meza ya mtafiti mmoja, mkasi na bahasha zake, zikaiweka ndani ya kompyuta. Kazi ya pamoja ilikuja kuongezwa baadaye, kila kampuni kwa njia yake, na humo ndimo zinamotofautiana hasa. Kubandika msimbo kwenye sentensi zote zinajua. Siku ya maonyesho muuzaji hukuonyesha ramani za rangi na mawingu ya maneno. Mwombe aunganishe miradi miwili ya watu wawili mbele ya macho yako.

Sisi tulianza kwa kuhesabu kompyuta. Saba zilikuwa za Windows na mbili za Mac. Hilo peke yake lilituondolea njia moja, maana mradi uliotengenezwa kwenye NVivo ya Windows haufunguki moja kwa moja kwenye NVivo ya Mac. Ni matoleo mawili yenye aina mbili za mafaili. Timu ambayo wote wako upande mmoja haina sababu ya kuogopa hilo, na NVivo ina nguvu zake, hasa kwa wanaotumia majedwali ya muhtasari ambapo kila mhojiwa ana mstari wake na kila mada safu yake. Ina pia huduma ya kufanya kazi pamoja mtandaoni, ila hiyo hulipiwa kando. Ukiomba fedha za leseni ukasahau huduma hiyo, umeomba nusu ya kitu.

Dedoose tuliipenda. Inaishi mtandaoni tangu mwanzo, wote mnaingia mradi mmoja kwa wakati mmoja, na malipo ni ya mwezi kwa kila anayetumia, kwa hiyo mwezi ambao mtu hafanyi kazi humlipii. Kwa timu ambayo watu huingia na kutoka, mpango huo una akili sana. Ina pia sehemu ya mafunzo ambapo mpya hupewa vifungu vilivyokwisha kubandikwa misimbo, abandike yake bila kuiona ya mwenzake, kisha walinganishe. Kilichotuzuia ni intaneti. Wenzetu watatu walikuwa wakifanya kazi mahali ambapo mtandao hukatika, na programu inayoishi mtandaoni haina la kumfaa mtu aliyekatikiwa.

Taguette na QualCoder nazitaja kwa moyo mweupe, maana watu huzipita wakidhani cha bure hakifai. Taguette ni huria na nyepesi. Mtu huijua ndani ya nusu saa, na ikiwekwa kwenye seva watu kadhaa hufanya kazi pamoja. Haina misimbo ndani ya misimbo, orodha ni moja tu iliyonyooka, na kwa mahojiano 140 orodha hiyo ingetushinda. QualCoder ina mambo mengi zaidi, na huhifadhi kazi katika SQLite, hifadhidata iliyo wazi ambayo zana nyingine nyingi zinaweza kuisoma. Kwa mahojiano ishirini na watu wawili ningechukua mojawapo bila kusita.

Wiki ya pili tuliacha kusoma maelezo ya kampuni. Tulichukua mahojiano matatu halisi, tukaondoa majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, tukawapa watu wanne wayabandike misimbo kwenye programu mbili zilizobaki, MAXQDA na ATLAS.ti. Mmoja wa hao wanne nilimchagua kwa makusudi. Ni mama anayetuzidi sote umri, mhojaji bora kuliko sisi sote, na mtu asiyependa programu mpya. Nilipomweleza vipengele vya kila moja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nataka kuona mwenzangu ameandika nini pale nilipoandika mimi. Hayo mengine utanifundisha." Niliandika sentensi hiyo juu ya karatasi yangu ya tathmini nikafuta nusu ya vigezo vilivyokuwa chini yake.

Na kweli, jaribio zima liligeukia sentensi moja. Mhojiwa mmoja alikuwa akieleza siku alipopewa majibu ya vipimo: "Daktari akamaliza kusema, akaniuliza kama nina swali. Nilinyamaza tu." Mama alibandika "heshima". Kijana aliyekuwa naye alibandika "woga". Wote wawili walikuwa wameandika dokezo. La mama lilisema kwamba mhojiwa amemwita daktari "mkubwa" mara mbili kabla ya hapo. La kijana lilisema kwamba mistari sita baadaye mhojiwa anasimulia alivyolia njiani. Wangekuwa na misimbo bila madokezo, tungeona tofauti tu, tukapiga kura. Kwa sababu madokezo yalionekana ubavuni mwa maandishi, ya wote wawili kwa pamoja, tulibishana kwa dakika arobaini kuhusu kunyamaza, na mwisho tukaamua msimbo uwe "kunyamaza" na sababu yake iandikwe kwenye dokezo hadi tutakapokuwa tumeona mifano ya kutosha. Programu mojawapo ilitaka tubofye mara nne kufika kwenye dokezo la mwenzetu. Kubofya mara nne kwa watu tisa, kwa miezi minane, maana yake madokezo hayatasomwa.

Hapa lazima niseme neno kuhusu vipimo vya makubaliano, yaani namba za kuonyesha wabandikaji wa misimbo wamekubaliana kiasi gani, kwa sababu programu hujitangaza navyo sana. Kappa ya Cohen, ya mwaka 1960, hupima makubaliano ya watu wawili. Kwenye timu ya watu tisa kuna jozi 36, na kupata namba 36 si sawa na kupata jibu. Alfa ya Krippendorff hukubali wabandikaji wa idadi yoyote, na ATLAS.ti inayo ndani yake. Krippendorff mwenyewe alitaka kiwango cha 0.800, pale ambapo 1 ni makubaliano kamili, na alishauri kisishushwe chini ya 0.667 hata kwa hitimisho la muda. Lakini namba hubadilika kulingana na unachohesabu. Mimi nikibandika sentensi nzima na wewe ukabandika nusu yake, programu inayohesabu herufi kwa herufi itasema tumekubaliana nusu, na inayouliza kama vifungu vinapishana kwa kiwango fulani inaweza kusema tumekubaliana au hatukukubaliana kulingana na ulivyoiweka. MAXQDA hukuruhusu kuchagua kati ya ngazi tatu za kuhesabu. Mnaotumia vipimo hivi, amueni ngazi kabla ya kuona matokeo.

Wapo pia wasiovihitaji kabisa. Watafiti Braun na Clarke, ambao tangu mwaka 2006 wengi hufuata njia yao ya uchanganuzi wa dhamira, wanasema wazi kwamba katika njia yao mtazamo wa mchanganuzi ni sehemu ya kazi, na kutafuta namba ya makubaliano hakuendani nayo. Kwa hiyo amua mbinu kwanza. Nimeona timu ikinunua programu kwa ajili ya kipimo ambacho mbinu yao haikitaki, kisha wakakitumia kwa kuwa kipo.

Kwa tunaochanganua mahojiano ya Kiswahili kuna jambo jingine ambalo sijaona muuzaji akiligusa. Vipimo vya maneno yanayojirudia vimetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Letu hubadilika mbele, katikati na nyuma. Nilipoendesha kipimo hicho kwenye mahojiano yetu matatu, juu ya orodha palijaa "na", "kwa", "ya" na "ni", na niliogopa, waliogopa, huogopi na kuogopana yakahesabiwa kama maneno manne yasiyojuana. Dawa ni kutafuta kipande cha neno. Ukitafuta "ogop" unapata hayo yote. Unakosa woga na mwoga, lakini ukijaribu "oga" unaletewa kuoga, uyoga na mboga. Kwa hiyo unahitaji programu inayokubali kutafuta vipande na ruwaza, na inayokuruhusu kuandika orodha yako ya maneno ya kupuuzwa. ATLAS.ti hukubali ruwaza. MAXQDA hukipata kipande kilichomo ndani ya neno. Jaribu kwa maneno ya data zako mwenyewe, si kwa mfano wa muuzaji.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache. Tangu mwaka 2023 ATLAS.ti na MAXQDA zimeongeza wasaidizi wanaopendekeza misimbo au kufupisha vifungu, na nyingine zimefuata. Ili zifanye hivyo, maneno ya mhojiwa hutoka kwenye kompyuta yako na kwenda kwenye seva ya mtu mwingine. Fungua fomu ya ridhaa aliyotia saini mhojiwa, usome ilimwahidi nini. Yetu iliahidi kwamba maneno yake yatasomwa na watafiti wa mradi. Tuliizima huduma hiyo siku ileile, na mjadala huo haukuchukua hata dakika tano.

Wiki ya tatu tuliitumia kujaribu kutoka. Watu wengi hawalijaribu hili, na mimi sasa silikubali lirukwe. Mwaka 2024 kampuni ya Lumivero, ambayo tayari ilikuwa na NVivo, iliinunua pia ATLAS.ti. Washindani wawili wa miaka mingi wakajikuta chini ya paa moja. Silaumu mtu, nasema tu kwamba mradi wa miaka mitano unaweza kuishi muda mrefu kuliko mipango ya kampuni yoyote. Tangu mwaka 2019 kuna kiwango kiitwacho REFI-QDA ambacho programu nyingi kubwa hukubali: unatoa mradi wako kama faili la qdpx na kulifungua kwenye programu nyingine. Kwa ndani ni kifurushi cha zip chenye maandishi yako na faili la XML, ambalo nalo ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa alama, kwa hiyo hata bila programu yoyote mtu mwenye ujuzi anaweza kulisoma. Tulitoa ule mradi mdogo wa jaribio, tukaufungua kwingine, tukahesabu. Misimbo yote 38 ilifika, na madokezo pia. Maswali ya utafutaji tuliyokuwa tumeyahifadhi hayakuvuka, wala hatukutarajia yavuke. Kuyapoteza hayo tuliweza kukuvumilia. Madokezo yangepotea, tungeiacha programu hiyo hapohapo.

Tulichagua MAXQDA. Faili ni lilelile kwa Windows na Mac, dokezo la mwenzako liko pembeni mwa mstari, na mtu aliyekatikiwa mtandao huendelea kufanya kazi, kisha hutoa misimbo na madokezo yake kama faili dogo la kubadilishana ambalo kiongozi huliingiza kwenye mradi mkuu. Haimruhusu kila mtu kuwa ndani ya mradi mmoja kwa wakati mmoja, na timu yenye mtandao wa uhakika ingeweza kuamua tofauti na sisi bila kukosea. Kwetu ule ucheleweshaji ulikuwa na faida yake: kila Ijumaa saa nane kazi zote zinakusanywa, anayeunganisha ni mtu mmoja tu, nakala rudufu yenye tarehe inawekwa kabla hajagusa chochote, na saa tisa tunakaa kusoma kilichoingia.

Maandishi yalifungwa. Makosa ya unukuzi yanaandikwa kwenye orodha, na hakuna anayesahihisha ndani ya programu, hata herufi moja. Daftari la misimbo lina jina la kila msimbo, maana yake kwa sentensi moja, mfano mmoja unaoingia, mfano mmoja unaokaribia lakini hauingii, na tarehe ya kila badiliko. Msimbo mpya mtu huuweka kwenye folda ya majaribio, na hautoki humo mpaka Ijumaa. Rasimu ya kwanza ya daftari hilo tuliiandalia kwenye Taguette wakati leseni bado zinashughulikiwa, kisha tukaihamisha, na kwa njia hiyo hatukungoja fedha ili kuanza kufikiri.

Ijumaa ya sita tulifungua msimbo "kunyamaza". Ulikuwa na vifungu 61, kutoka kwa wabandikaji wanane. Mama aliomba avisome kwa sauti, kimoja baada ya kingine, pamoja na dokezo la kila mmoja, na ilichukua zaidi ya saa. Woga ulikuwemo, na heshima ilikuwemo. Kwenye kifungu cha arobaini na kitu akasimama, akarudi nyuma vifungu kumi, akasoma tena viwili. Walionyamaza humo hawakumwogopa daktari wala kumstahi. Walikuwa wameshaamua hawatafuata alichosema, na kunyamaza ndiyo ilikuwa njia yao ya kukataa bila ugomvi. Madokezo mawili yalikuwa yamelikaribia jambo hilo, ya watu wawili waliosoma mahojiano tofauti na ambao hawakuwa wameongea. Kijana yule aliyebandika "woga" mwanzoni alifungua daftari la misimbo, akaandika "kunyamaza kwa kukataa", akaweka tarehe, akauliza nani ana vifungu vingine vya namna hiyo. Mikono minne ikanyooka.